Mama Agoma Kutoa DNA Ili Mwili wa Mwanawe Utambuliwe: Siri ya Miaka 30 Iliyofichwa Ngara

Ukitaja DNA mtandaoni, akili za wadau wote zinakimbilia sehemu moja: mtoto si wako. Kila zinapotoka takwimu za Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu wababa waliokwenda kupima, siku mbili nzima ni vicheko, na wanaume kutishia kupima kila kilichomo nyumbani mpaka kuku. Watu wanasahau kitu kimoja: anayefika kupima ni yule ambaye tayari ana mashaka yake. Hesabu hiyo si ya mtaa mzima.

Lakini DNA ina kazi nyingine, na hiyo haina vicheko. Ni kazi ya kumrudishia mtu jina lake akiwa hawezi tena kulitaja mwenyewe. Stori hii inahusu kazi hiyo. Ni ya familia moja yenye mguu mmoja Ngara na mwingine Biharamulo, mkoani Kagera. Majina hayatajwi, na ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Kijana mwenyewe alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Alikuwa na kibanda cha vifaa vya simu na huduma za kutuma pesa pale Biharamulo mjini, mke, na watoto wawili: wa kiume wa miaka saba na wa kike wa miaka mitatu. Mama yake alikuwa Ngara kijijini, kwenye shamba la migomba aliloachiwa na marehemu mume wake. Kijana alikuwa mtoto pekee. Kila mwisho wa mwezi lazima apande gari kwenda kumsalimia mama, mkononi sukari, sabuni na dawa ya presha. Mke alikuwa akimtania kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa yuko Ngara.

Siku hiyo aliondoka mapema. Alipofika Lusahunga akapiga simu: "Nimepata mchomoko, tunasubiri abiria mmoja tu ujae." Wanaoishi Kanda ya Ziwa wanazijua hizo gari ndogo, za watu watano zinazopakia tisa. Hakuna tiketi wala orodha ya majina. Unalipa, unabanana, mnakwenda.

Gari lile halikufika. Liligongana na lori na vyote viwili vikashika moto. Waliotolewa hai wakatolewa. Ndani ya mchomoko ikabaki miili mitano ambayo hakuna aliyeweza kuitazama na kusema huyu ni fulani.

Hapo ndipo familia nyingi zinapokutana na DNA kwa mara ya kwanza, na si wao wa kwanza nchini. Agosti 10, 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipolipuka na kuua zaidi ya watu 100, kuna ndugu waliolazimika kutoa sampuli kwa sababu moto ulikuwa umefuta sura. Juni 28, 2025, basi na Coaster viligongana na kuungua eneo la Sabasaba, Same, mkoani Kilimanjaro. Makumi ya watu walifariki, na miili mingi haikuweza kutambulika kwa macho. Kwa majirani zetu Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola kuanzia 2023, na ilikuwa Machi 2024 ndipo familia za kwanza zilipoanza kukabidhiwa miili baada ya vipimo. Karibu mwaka mzima wa kusubiri.

Watu wanadhani wataalamu wanachukua mwili, wanaingiza kwenye mashine, jina linatoka. Haipo hivyo. Mwili peke yake hausemi chochote. Unachukuliwa jino au kipande cha mfupa mgumu kama wa paja, kwa sababu moto unaharibu nyama na damu haraka lakini sehemu ya ndani ya jino inajikinga kama mbegu ndani ya kokwa. Kinachopatikana humo ni namba. Ili namba hizo zigeuke kuwa jina, lazima kuwe na kitu cha kuzilinganisha nacho. Kinaweza kuwa kitu cha marehemu mwenyewe kama mswaki au wembe, au damu yake inayotembea ndani ya watu wengine: mama, baba, watoto, ndugu.

Mswaki wa kijana alikuwa ameondoka nao. Chanuo lilikuwa la nyumba nzima. Mashine ya kunyolea aliikuta kinyozi. Basi wakabaki ndugu.

Huwezi kuingia kwa Mkemia kama unavyoingia saluni. Tangu 2009 kuna sheria inayosimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu Tanzania, na maombi hupitia kwenye ofisi zinazotambulika, kama polisi, mahakama au ustawi wa jamii. Familia hii ilipangiwa siku yake. Mtaalamu wa kuchukua sampuli akawaeleza mambo kwa Kiswahili cha kawaida kabisa.

Kila mtu, alisema, amepewa nusu ya vinasaba vyake na mama na nusu na baba. Maabara haisomi vyote, inasoma vituo maalumu, ishirini hivi au zaidi, na katika kila kituo mtu ana namba mbili: moja ya mama, moja ya baba. Kwa hiyo mama mzazi akisimama pembeni ya mwili wa mwanawe, kwenye kila kituo lazima wakutane angalau kwa namba moja. Wakikosana kituo kimoja, maabara itajiuliza, maana mara chache namba hubadilika yenyewe. Wakikosana vituo vingi, huyo si mama wa huyo.

"Kwa hiyo tunaanza na mama," akasema. "Ni pamba tu. Tunaipitisha ndani ya shavu, dakika moja, haiumi."

Mama akafunga mdomo.

Walidhani hajasikia, wakarudia. Akatikisa kichwa, akajifunga khanga vizuri, akasimama, akatoka nje akakaa chini ya mwembe. Wakamfuata. Hakusema neno. Wakasema ni majonzi, wamwache, atakuja kesho. Kesho hakuja. Keshokutwa alikuja, akafika mlangoni, akageuka.

Maneno yakaanza. Kwenye grupu la ukoo la WhatsApp wengine wakasema mama hataki kukubali kwamba mwanawe amekufa. Wengine wakasema imani yake inakataza. Binamu mmoja, wale wa kujifanya wapelelezi, akaandika: "Mwenye siri ndiye anaogopa DNA." Akaweka na emoji ya macho. Alitaka kumaanisha kwamba mama alichepuka zamani hizo, na marehemu mzee alilelea mtoto wa mwanaume mwingine. Grupu likanyamaza kwa aina ile ya ukimya ambayo kila mtu anaandika kwa mwenzake pembeni.

Mdogo wa marehemu mzee, baba mdogo wa kijana, akasema kama mama hawezi basi achukuliwe yeye. Mtaalamu akasema inaweza kusaidia: kuna kromosomu ya kiume inayoitwa Y inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume karibu bila kubadilika, kwa hiyo baba mdogo na mtoto wa kaka yake wanatakiwa kuwa nayo moja. Baba mdogo akakunja mikono ya shati kana kwamba anachangia damu.

Mama aliposikia hivyo akapiga kelele: "Shemeji, usiende!"

Sasa hapo hata waliokuwa wanamtetea wakaishiwa.

Mkwe wake ndiye aliyeumia kuliko wote. Huyu dada hakuwa na shida na siri za zamani, alitaka mume wake. Hakuwa amevua nguo za siku ile aliyopokea taarifa. Mume wake alikuwa na simu ya pili aliyoiacha nyumbani, na mke alikuwa anaichaji kila jioni. Ukimuuliza kwa nini, anasema: itapigwa. Alishaanza kujiambia kwamba labda pale Lusahunga alishuka, labda alihamia gari lingine, labda yuko hospitali fulani hajitambui. Hakuna mwili wenye jina lake, kwa hiyo hakuna kifo.

Usiku wa nne, nyumbani Ngara, mkwe alikuwa jikoni anachemsha maji ya kumwogesha mtoto. Mama mkwe akaingia, akakaa kwenye kigoda, akaiona ile simu imechomekwa kwenye paneli ya sola.

"Bado unaichaji?"

"Naichaji, mama."

Mama akakaa kimya mpaka maji yakachemka. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nikitoa mate yangu, watakuambia mume wako hayumo kwenye ile gari. Na wewe utakaa na hiyo simu mpaka uzeeke. Sitaki kukufanyia hivyo. Mimi sikumzaa."

Kuelewa alichosema baada ya hapo, lazima urudi 1994. Wengi wanaosoma hapa walikuwa hawajazaliwa. Aprili mwaka huo Rwanda ilikuwa inawaka, na tarehe 28 watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo kuingia Ngara. Ndani ya takriban saa 24 walivuka watu wapatao 250,000. Fikiria uwanja wa Mkapa uliojaa pomoni, kisha uzidishe mara nne, wote wanatembea kwa miguu, na mvua. Benaco, sehemu ambayo leo unapita kwa gari unanunua ndizi za kuchoma, iligeuka jiji la turubai. Mto Kagera ulikuwa unapita chini ya daraja na miili. Ilishuka nayo mpaka Ziwa Victoria, na zaidi ya 10,000 ilikuja kuzikwa upande wa Uganda, huko Kasensero, Lambu na Ggolo, kwenye makaburi ya pamoja. Hakuna aliyechukua jino la mtu. Hakuna aliyeuliza namba zao.

Mama huyu alikuwa msichana mwenye ndoa changa. Wiki chache kabla alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza, kichanga, na maziwa yalikuwa bado hayajakauka. Alikuwa barabarani anauza ndizi kwa wakimbizi. Akaja mwanamke ana mtoto mgongoni na mzigo kichwani, miguu imevimba. Wahangaza wa Ngara wanasikilizana vizuri na watu wa Rwanda na Burundi, lugha ni za karibu, hivyo hawakuhitaji mkalimani. Mwanamke akashusha mtoto, akamwambia: nishikie kidogo nikatafute maji.

Hakurudi.

Mama alikaa pale mpaka giza likaingia. Kesho yake alirudi na mtoto mahali pale pale. Alirudi siku tisa. Siku ya kumi hakwenda, na anasema kwamba mpaka leo hajui kama alifanya hivyo kwa sababu alichoka au kwa sababu alishaanza kuogopa kwamba mwenye mtoto atakuja kweli.

Mume wake alimwambia: Mungu alichukua, Mungu ametoa. Walihamia kwa muda kijiji kingine, na waliporudi walirudi na mtoto anayetembea. Mwisho wa 1996 wakimbizi wa Rwanda walipotakiwa kurudi kwao na barabara ikajaa tena watu, safari hii wakielekea Rusumo, alimfungia mtoto ndani siku nzima.

Na hofu haikuishia pale. Mtu wa mikoa ya mpakani anajua: swali la "wewe kwenu wapi" linaweza kuulizwa muda wowote. Mwaka 2013 operesheni ya kuondoa wahamiaji haramu ilipopita Kagera, mama hakulala. Kijana wake alikuwa mtu mzima, anaongea Kihangaza kama babu yake, na hajui chochote. Angeulizwa angejibu kwa kujiamini kabisa, na kujiamini kwake ndiko kulikokuwa kinga yake. Kwa hiyo siri haikuwa ya aibu. Ilikuwa ukuta wa nyumba.

Mkwe alisikiliza yote. Hakulia. Aliuliza swali moja: "Yeye alijua?"

"Hapana."

"Basi alikufa akiwa mtoto wako." Akainuka akaenda kuichomoa simu kwenye sola.

Asubuhi walikwenda wawili tu, wakaomba kuongea faragha na afisa ustawi wa jamii na yule mtaalamu. Mama alitetemeka alipokuwa anaeleza. Alikuwa na maswali mawili tayari: watanifunga? Na wajukuu wangu watafukuzwa nchini?

Afisa akamwambia la kwanza waliweke kando, pale wamekuja kutambua mwili. La pili akamjibu palepale: wajukuu wamezaliwa Tanzania, mama yao ni Mtanzania, na mtoto wa hivyo ni raia kwa kuzaliwa. Halafu akaivuta fomu ya mti wa familia na kusema neno ambalo mkwe amelirudia kwa kila mtu anayemwamini: "Mama, hii fomu inauliza damu. Haiulizi nani alilea."

Mtaalamu naye hakushangaa. Akasema hawapo wa kwanza, na kilichokuwa kinamuumiza ni wale wanaonyamaza. Mtu akiandikwa "kaka wa baba mmoja mama mmoja" kumbe ni kaka wa kufikia, hesabu za maabara zinajengwa juu ya uongo na mwili unaweza kukosa kwao. Na hapa walikuwa watano wanaosubiri. Mmoja akikwama, anawachelewesha wengine wanne, kwa sababu kila anayetambuliwa anapunguza maswali kwa waliobaki.

Akauliza, "Marehemu ana watoto?"

Wawili.

Akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kumbe siku zote hizo walikuwa wanaangalia juu ya mti, kwa wazee, wakati jibu lilikuwa linacheza mpira wa makaratasi nje.

Angalia inavyokwenda. Mtoto ana namba mbili kwenye kila kituo. Ukichukua sampuli ya mama yake, unajua ipi imetoka kwa mama. Iliyobaki lazima imetoka kwa baba. Rudia hivyo vituo vyote, unapata nusu ya baba bila kumgusa baba. Mtoto wa pili naye amebeba nusu yake, na si nusu ileile, kwa hiyo wawili pamoja wanaweza kukupa kama robo tatu ya mtu. Juu ya hapo, yule wa kiume amebeba Y ya baba yake karibu nzima nzima, na yule wa kike amebeba X ya baba yake, kwa sababu baba hana nyingine ya kumpa binti. Yule bwana alikuwa amesambazwa kwa wanawe wawili kama mtu aliyeacha funguo kwa majirani tofauti.

Wakapitishwa pamba: mke, mtoto mkubwa, mtoto mdogo. Yule wa kike aling'ata ile pamba, ikabidi ichukuliwe nyingine.

Wiki zikapita. Hizo ndizo wiki mbaya kuliko zote, kwa sababu huwezi kufanya matanga wala huwezi kuondoa viti. Jibu lilipokuja halikusema "ni yeye" kama kwenye filamu. Lilisema kwa lugha ya uwezekano: matokeo haya yana uwezekano mkubwa mara nyingi mno ikiwa mwili huu ni wa baba wa watoto hawa, kuliko ikiwa ni wa mwanaume mwingine yeyote. Na Y ya mtoto wa kiume ilikuwa sawa na ya mwili. Mkwe alisoma mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo ni mume wangu?" Akaambiwa ndiyo.

Msiba ukafanyika Ngara, kwenye migomba. Binamu mpelelezi hakukosa. Akaanza kuuliza kwa sauti ya chini inayosikika: kwa nini walipimwa watoto na si mama? Na kama damu si ya ukoo, shamba hili sasa ni la nani? Maana jamani tusidanganyane, nyuma ya maswali mengi ya ukoo huwa kuna kipande cha ardhi.

Baba mdogo ndiye aliyejibu. Alimwita binamu, akamwita na mama, wakakaa nyuma ya nyumba. Akasema: "Shemeji, tulizika mtoto wako mimi nikiwa nimeshika jembe. Alikuwa na wiki tatu. Mliporudi na mtoto ana meno manne mlifikiri sisi hatujui kuhesabu?"

Mama alishindwa kusema.

"Kaka yangu alimpa jina la baba yetu. Akishampa mtu jina la baba yetu, mimi siwezi kumnyang'anya. Na nilijitolea nipimwe kwa sababu nilisahau. Miaka yote hii, nilisahau kabisa kwamba si wetu."

Ukiacha kila kitu, shika hilo. Mama alikuwa anawaficha wao, na wao walikuwa wanamfichia yeye, miaka 30, ukoo mzima umeshika pembe za shuka moja.

Kuhusu shamba, baba mdogo alisema litaandikwa la wajukuu na akataka liandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji, si kwa maneno. Binamu alikubali mbele za watu. Kama amekubali moyoni, miaka itasema.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikupata jibu, na mkwe ndiye analibeba. Siku ya kuchukua majibu alimuuliza mtaalamu: yule mwanamke aliyesema nishikie, anaweza kupatikana? Akaambiwa kwamba kuna aina ya vinasaba inayotoka kwa mama peke yake. Mama anawapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, lakini ni binti tu anayeweza kuipeleka mbele. Ina nguvu ya kuvuka vizazi. Mifupa ya familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi, waliouawa 1918, ilifukuliwa 1991, na aliyesaidia kumtambua malkia kwa damu yake ni Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, kwa sababu bibi mzaa mama wa Philip alikuwa dada wa malkia yule. Miaka zaidi ya sabini kaburini, na mstari wa mama ulikuwa bado unasomeka.

Mkwe akauliza, "Kwa hiyo wanangu wanao huo mstari?"

Hapana. Watoto wamechukua wa kwake yeye, mama yao. Wa yule mwanamke wa Benaco ulikuja mpaka kwa kijana ukaishia hapo. Mwanaume haupeleki. Ulikuwa umebaki kwenye mifupa iliyokuwa inakwenda kuzikwa, na kwenye lile jino lililosomwa. Wajukuu bado wamebeba vipande vingine vya bibi yao wa damu, kidogo huku kidogo kule, lakini ile njia iliyonyooka ya mama kwa mama ilifika mwisho kwenye barabara ya Lusahunga.

Siku moja huenda ndugu wa yule mama, kama wapo upande wa pili wa Rusumo, watauliza. Huenda yeye mwenyewe aliwahi kurudi siku ya kumi. Huenda ni mmoja wa waliopita chini ya daraja. Mkwe ameandika kila kitu kwenye daftari: mwaka, mahali, siku tisa, neno lililosemwa. Mtoto wa kiume atapewa daftari akifika miaka 18, na mama mkwe amekubali. Alichoomba ni kimoja tu, kwamba yeye ndiye aanze kumsimulia kama atakuwa hai.

Kwa wewe unayesoma huku unasubiri gari lijae, kuna mambo matatu ya kuchukua. La kwanza, ukipanda mchomoko, tuma ujumbe wa namba ya gari kwa mtu mmoja. Inachukua sekunde kumi na inaweza kuokoa wiki nzima za kubahatisha. La pili, maabara ikihitaji ndugu, walio bora ni wazazi na watoto, kisha ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Binamu ni mbali mno kwa kawaida, hata akiwa na mdomo mkubwa. La tatu ndilo zito: kama kwenye familia yenu kuna mtoto wa kuokota, wa kufikia, wa kupewa au wa nje, si lazima atangazwe kwenye grupu, lakini lazima awepo mtu mmoja hai anayejua ukweli na yuko tayari kuusema siku ukihitajika. Siri anayoijua mtu mmoja tu inakufa naye.

Mama bado yuko Ngara. Mkwe anakwenda kila mwisho wa mwezi na sukari, sabuni na dawa ya presha. Majirani wanauliza mbona bado anakuja wakati mume hayupo na hata damu haipo. Anawajibu kwamba amekuja kwa mama mkwe wake, wao walitaka aende wapi?

Wadau, ungekuwa wewe ndiye mkwe, lile daftari ungempa mtoto au ungelichoma? Na binamu anastahili kualikwa Krismasi?